Daftari la Mtaro

Barua ya soko la hisa ilifika kiwanda cha sabuni siku ya Jumatatu, na hadi Jumatano ilikuwa imezunguka meza zote bila kupata wa kuisoma mpaka mwisho. Ilikuwa na kurasa tisa. Mkuu wa utumishi alisoma ya kwanza akampelekea mtunza ghala. Mtunza ghala aliona haina orodha ya vitu vya kupokea, akampelekea fundi mkuu. Fundi mkuu aliiwekea kikombe cha chai juu. Ndipo ikamfikia Mhasibu ikiwa na duara la kahawia katikati, utadhani imepigwa muhuri.

Mhasibu ndiye aliyekuwa na mkosi wa kuokota vilivyoangushwa na wenzake. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na tisa, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuazimisha. Aliisoma barua yote, akakuna kidevu, akaisoma tena. Ukiondoa salamu na heshima zake, ilisema hivi: kuanzia mwaka huu, kampuni zilizoandikishwa sokoni haziruhusiwi tena kuleta hesabu za fedha peke yake. Zilete ripoti jumuishi. Yaani kampuni ieleze ndani ya kitabu kimoja fedha yake, mitambo yake, ujuzi wake, watu wake, majirani zake, na maji na hewa inayotumia, kisha ieleze jinsi kimoja kinavyogusa kingine.

"Kwa hiyo wanataka kujua tunaishije," alisema mkuu wa utumishi. "Huo ni umbeya, jamani. Sisi tunauza sabuni."

Walikwenda kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi huyu wafanyakazi walimwita Lini, kwa siri ambayo hata yeye mwenyewe aliijua. Hakuwa mtu mbaya, ila katika maisha yake yote ya kazi aliuliza swali moja tu. Ukimwambia boila imepasuka, atakuuliza, "Lini?" Ukimwambia umeoa, "Lini?" Na wafanyakazi nao walikuwa na jibu moja tu, "Hivi karibuni, Mkurugenzi," na kwa jibu hilo kiwanda kilikuwa kimekwenda miaka thelathini.

"Soko la hisa wanataka ripoti jumuishi, Mkurugenzi," alisema Mhasibu.

"Lini?"

"Baada ya miezi mitatu."

Lini alishtuka kidogo, maana hakuzoea kupewa muda unaohesabika. Akawatoa wengine, akafunga mlango mwenyewe. "Mhasibu, unajua Mkurugenzi wa Fedha anastaafu mwisho wa mwaka. Ripoti hii ikipita bila kelele, nasema bila kelele, kile kiti ni chako."

Kile kiti! Kilikuwa cha ngozi, cha kuzunguka, kimekaa karibu na dirisha lililotazama maua ya mbele. Dirisha la Mhasibu lilitazama lundo la majivu ya boila. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akipita mlango wa ofisi ile akijifanya anatazama saa ya ukutani, kumbe anatazama kiti. Mara moja, wakati mwenyewe yuko likizo, alikikalia kwa dakika nne akazunguka mara mbili. Tusimcheke. Kila mtu ana kiti chake anachokitazama kwa kona ya jicho.

Sasa kabla ya kuendelea, ni lazima tueleze habari za mama mkwe, maana bila yeye hadithi hii ingekwisha hapa kwa Mhasibu kuzunguka kitini.

Mama mkwe wa Mhasibu aliishi nyuma ya ukuta wa kiwanda, katika nyumba ndogo yenye benchi mlangoni na bustani ya maboga upande wa chini. Alikuwa amefanya kazi ya ukarani katika stesheni ya reli kwa miaka thelathini na mmoja. Kila treni iliyopita aliiandika katika daftari kubwa: saa, namba, hali, na mwishoni safu ya maoni. Alipostaafu, mkono ulikataa kustaafu. Wenzake walifuga kuku. Yeye alitafuta kitu kinachopita. Mbele ya nyumba yake hakikupita kitu isipokuwa mtaro wa maji uliotokea chini ya ukuta wa kiwanda. Basi alinunua daftari la jalada gumu, akalichora safu nne kwa rula. Saa. Rangi. Povu, ambalo alilipima kwa vidole kwenye kijiti alichokichomeka ukingoni. Na Maoni.

Watoto wake walisema ni mambo ya uzeeni, yaacheni. Kila Jumapili Mhasibu na mkewe walikwenda kumsalimia, na ili kufika mlangoni ilibidi kuruka ule mtaro. Kuna siku ulikuwa wa bluu, kuna siku wa kijani, kuna siku ulinukia waridi hadi inzi wakahama.

"Mkwe wangu," mama mkwe angeuliza kwa upole, "haya maji vipi leo?"

"Ni mvua tu, Mama," angejibu Mhasibu. Au, "Ni majani, Mama, yameoza huko juu."

"Haya, baba." Kisha angemwekea kiti chake kivulini, kile cha kamba chenye mikono mipana ambacho hakuruhusiwa mtu mwingine kukikalia, na angeingia ndani mara moja. Mhasibu aliamini huwa anakwenda kutazama birika. Na aliamini pia kwamba mama mkwe anamwamini. Imani hiyo ilimpa usingizi mzuri kwa miaka kumi na mmoja.

Turudi kwenye ripoti.

Mhasibu aligawa fomu kwa kila idara, akaomba majibu kamili. Majibu yalirudi. Kwenye swali la watu, mkuu wa utumishi aliandika: "Wapo." Kwenye swali la mali, mtunza ghala aliandika: "Vyote vipo isipokuwa visivyokuwepo." Kwenye swali la maji machafu ya kiwandani, kwamba yanakwenda wapi, fundi mkuu, mtu mkweli asiyependa maneno mengi, aliandika: "Yanakwenda."

Kwa miaka yote iliyotangulia kazi hii ilikuwa nyepesi. Unachukua ripoti ya mwaka jana, unabadilisha mwaka, unaweka picha ya Mkurugenzi akikabidhi katoni ya sabuni kwa mtoto wa shule. Picha ilikuwa ileile kila mwaka. Yule mtoto wa pichani alikuwa sasa dereva wa lori la kiwanda, ana masharubu na watoto wawili. Lakini ripoti jumuishi haikuwa na mwaka jana wa kunakili, na hapo ndipo Mhasibu alipoona giza.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mhasibu aliinama kwenye kompyuta siku mbili nzima, akatafuta, akapata ripoti jumuishi ya kampuni moja ya maziwa ya mbali sana, iliyowahi kupewa tuzo. Kurasa mia moja na kumi, zimepangwa zikapangika, kila kitu kinagusa kingine. Moyo ukamwambia: hii hapa. Aliamuru kompyuta, kila penye neno "maziwa" iweke "sabuni", na kila penye "ng'ombe" iweke "mtambo". Kompyuta, ambayo haina aibu, ikatii kwa dakika moja.

Jioni mkewe alichukua kurasa zile azisome huku akingoja chungu kichemke. Mara akakaa chini sakafuni.

"Baba watoto," alisema huku machozi yakimtoka, "hivi kiwandani mnawahimiza watoto wanywe glasi mbili za sabuni kila siku?"

"Wapi?"

"Hapa. Na hapa: 'Kila asubuhi mitambo yetu hukamuliwa kwa upole, kisha hupelekwa malishoni.' Jamani, fundi mkuu anajua kama anatakiwa kuipeleka malishoni?"

Alicheka hadi chungu kikafurika. Mhasibu alimnyang'anya kurasa, akaketi na kalamu nyekundu, akasaka kila sabuni na kila mtambo kwa wiki nzima. Aliweka takwimu za kiwanda alizozipata kwa kuwafuata watu mezani kwao mmoja mmoja. Palipokuwa na kichekesho, alirekebisha. Na hapo ndipo alipokosea, maana aliusoma kwa makini ule ukurasa uliochekesha tu.

Ukurasa wa arobaini na saba haukuwa na maziwa wala ng'ombe. Kompyuta haikuugusa, kwa hiyo haukuchekesha, kwa hiyo ulipita. Ulisema, kwa lugha safi kabisa: "Maji yanayotoka kiwandani huandikwa kila siku katika daftari linalotunzwa na jirani asiye mfanyakazi wa kampuni. Daftari hilo liko wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma."

Mhasibu aliupitia juujuu, akauona mzuri, akageuza.

Ripoti ilipelekwa sokoni siku mbili kabla ya tarehe. Lini aliuliza itajibiwa lini, akaambiwa hivi karibuni, akatulia. Mhasibu alianza kupita mlango wa kile kiti bila kutazama saa ya ukutani.

Wiki ya tatu, mkaguzi wa soko la hisa alikuja. Alikuwa mwanamke wa makamo, mchangamfu, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, na mkononi alibeba mfuko wa plastiki. Aliwasalimia wote, akaketi, akatoa kwenye mfuko mabuti ya mpira akayapanga chini ya kiti. Mhasibu aliyatazama mabuti yale. Mtu aliyekuja kusoma makaratasi hahitaji mabuti.

"Ripoti nzuri," alisema mkaguzi. "Ndefu. Mimi huwa sikagui kila kitu, huchagua kitu kimoja tu nikakione kwa macho. Naomba nione daftari la maji."

"Daftari lipi?" aliuliza Lini.

"La ukurasa wa arobaini na saba."

Lini alimgeukia Mhasibu. Mhasibu alifungua ukurasa wa arobaini na saba, akausoma kama anausoma mara ya kwanza, na kwa kweli hakuwa mbali na hilo. Jasho lilimtoka hadi kalamu ya kuazimisha ikaloa. Aseme nini? Akisema daftari hakuna, ripoti ni ya uongo, na jina lililotiwa sahihi chini yake ni lake. Akafungua mdomo aombe radhi, na hapo ndipo akili ilipomletea picha ya jalada gumu na rula.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Hili lilikuwapo miaka yote, upande wa pili wa ukuta.

"Lipo," alisema, naye mwenyewe akaishangaa sauti yake. "Analitunza jirani. Nipe nusu saa nikalilete."

Alizunguka ukuta kwa mwendo ambao si mbio ila si kutembea pia. Njiani alijipongeza, kisha akasimama katikati ya njia. Daftari lilikuwapo, sawa. Lakini ndani ya daftari kuna nini? Ndani kuna mtaro. Asipolipeleka, yeye ni mwongo. Akilipeleka, kiwanda kimeumbuka, na zile ndizo kelele zenyewe alizoonywa. Kwa njia zote mbili, kiti kilikuwa kinazunguka kikienda zake.

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi, miwani puani. "Karibu, mkwe wangu. Leo si Jumapili."

"Shikamoo, Mama. Nina haraka kidogo. Naomba uniazime lile daftari lako."

"Marahaba. La mtaro?"

"La mtaro."

"Haliazimwi, baba. Daftari la stesheni haliondoki stesheni. Miaka thelathini na mmoja hata meneja wa reli alikuja kulisoma palepale dirishani." Alivua miwani akaipangusa. "Anayetaka kulisoma aje."

"Mama, ni wakubwa wenyewe."

"Basi waje na ukubwa wao. Benchi linatosha."

Utamjibu nini mama mkwe? Mkwe hajibizani. Mhasibu alirudi mikono mitupu, na dakika ishirini baadaye msafara ulitoka lango la nyuma: mbele mkaguzi ndani ya mabuti yake, katikati Lini akiwa na viatu vya ngozi nyeupe, nyuma Mhasibu akiwa na roho mkononi. Fundi mkuu hakuitwa, ila siku ile alikuwa akiosha mitambo, na kila akiosha mitambo hufungua koki. Mtaro ulikuwa wa bluu. Mkaguzi aliuvuka kwa hatua moja. Lini aliuruka akapungukiwa kidogo, na kiatu kimoja kikabadilika rangi.

Mama mkwe aliwakaribisha, akawaketisha kwenye benchi kwa mfuatano wa umri, akaleta daftari. Halikuwa moja. Yalikuwa saba, yamefungwa kwa kamba ya katani. Akaketi upande wa pili wa kimeza, kama alivyokuwa akikaa nyuma ya dirisha la tiketi.

Lini aliona ni afadhali achukue usukani mapema. "Mama, tunashukuru. Lakini tuseme ukweli, mambo ya rangi rangi yanaweza kutokea mara moja moja, kwa bahati mbaya. Hayo maji ya bluu yalipita lini?"

"Lini ya mwaka gani?"

Lini alitazama kiatu chake cha bluu. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumrudishia swali lake. "Tuseme mwaka jana," alisema polepole.

Mama mkwe alilamba kidole, akafunua. "Mwaka jana bluu imepita mara sitini na tatu. Nianze na ya kwanza, au wewe unashuka kituo gani?"

"Ya kwanza," alisema mkaguzi, kalamu tayari.

"Tarehe tatu, saa nne na dakika kumi asubuhi. Bluu. Povu vidole viwili. Maoni: maboga ya mstari wa kwanza yamelala. Tarehe nane, saa tisa kasorobo. Bluu. Vidole vitano. Maoni: bata wa jirani ameingia mweupe ametoka wa bluu. Mwenyewe ameitwa, amemkana."

"Lini hiyo?" aliuliza Lini, lakini safari hii aliuliza kwa hamu.

"Nimeshasema. Tarehe nane, saa tisa kasorobo."

"Saa tisa kasorobo," alirudia Lini kama mtu aliyeonjeshwa kitu kitamu. Miaka thelathini aliuliza, na hatimaye alikuwa amejibiwa.

Mhasibu alianza kupumua. Huenda, aliwaza, mambo yakaishia kwa bata. Lakini mama mkwe alifunua ukurasa mwingine akaendelea kusoma kwa sauti ileile ya kutangaza treni, bila kupandisha wala kushusha.

"Tarehe kumi na tano, Jumapili, saa tano. Zambarau. Vidole vitatu. Maoni: mkwe amesema ni mvua. Mvua haikunyesha."

Mkaguzi aliandika.

"Tarehe ishirini na mbili, Jumapili. Kijani. Vidole vinne. Maoni: mkwe amesema ni majani yameoza. Majani yakioza hayanuki waridi. Tarehe ishirini na tisa, Jumapili. Bluu. Maoni: mkwe amesema ni jirani anafua. Jirani amesafiri tangu Jumatano."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa na urefu wa madaftari saba. Mhasibu alitazama miguu yake. Alijisikia aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni na kushuka hadi magotini. Si kwa sababu ya mkaguzi, wala ya Lini. Alikumbuka kila Jumapili mama mkwe alipoingia ndani mara moja. Kumbe birika halikuwa na kosa lolote.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naandika, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe mwongo, mbele ya mwanangu? Nyumba yenu ingebaki wapi? Mkwe ni mkwe." Alinyoosha ukurasa kwa kiganja. "Nikaandika tu. Nilijua ipo siku utakuja kulisoma. Sikujua utakuja na watu."

Lini alikohoa. Alimvuta Mhasibu kando, karibu na maboga yaliyolala, akamnong'oneza, "Sikiliza. Sema hukulimaanisha daftari hili. Sema huyu ni bibi anajipitishia wakati, na ukurasa ule uliingia kwa makosa ya kunakili. Watatuonya, tutauondoa, basi. Hakuna kelele. Kiti bado kipo."

Haukuwa hata uongo, ukitazama vizuri. Ukurasa uliingia kwa makosa ya kunakili, na bibi alikuwa anajipitishia wakati. Mhasibu aliyapima maneno yale akayaona yametimia, hayana tundu hata moja, yako tayari kusemwa. Akarudi mezani nayo mdomoni.

Mkaguzi alikuwa akimngoja. "Mhasibu, nikuulize wewe uliyetia sahihi. Hili ndilo daftari mliloliandika ukurasa wa arobaini na saba?"

Mama mkwe hakumtazama. Alikuwa amefunua daftari la saba kwenye ukurasa wa leo. Alishaandika saa, rangi na povu. Kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya safu ya nne, ikingoja, kama ilivyongoja Jumapili zote zile.

Mhasibu aliitazama ile kalamu.

"Ukurasa ule niliunakili," alisema. "Ni wa kampuni ya maziwa. Sikujua nimeandika nini."

"Hilo nalijua," alisema mkaguzi. "Ukurasa wa tisini na mbili mmeahidi kuwafunika blanketi ndama wote wa kiwanda wakati wa baridi. Ndiyo maana nilikuja na mabuti. Mimi nauliza daftari."

Ndama! Ng'ombe wote aliwasaka, ndama hakuwakumbuka hata mmoja.

"Daftari ni hili," alisema Mhasibu. "Hakuna jingine. Na yaliyoandikwa humo ni kweli."

"Na maji?"

Kando yake Lini alikuwa akitingisha kichwa taratibu. Upande wa pili wa ukuta, juu ghorofani, kile kiti kilikuwa kinatazama maua.

"Maji ni yetu," alisema Mhasibu.

Kalamu ya mama mkwe ilishuka ikaandika mstari mmoja, haikukawia. Kisha akafunga daftari, akaenda kutazama birika, na safari hii birika kweli lilikuwa linachemka.

Kelele zilikuwapo, tusidanganyane. Soko liliamuru ukurasa wa arobaini na saba ubaki, na chini yake liwekwe jedwali zima la mama mkwe, miaka kumi na mmoja, hadi bata. Kwa wiki moja kampuni nyingine zilikicheka kiwanda. Wiki ya pili zikaanza kutuma watu kuuliza kwa siri jirani wa namna hiyo anapatikana wapi. Bodi iliagiza lichimbwe bwawa la kutulizia maji ndani ya ukuta, na fundi mkuu akapewa fomu mpya ya kujaza kila siku. Siku ya kwanza aliandika: "Hayaendi."

Kiti walimpa mtu kutoka nje, mpwa wa mwenyekiti wa bodi. Alikizungusha siku ya kwanza kwa nguvu nyingi, kikavunjika skrubu. Mhasibu alibaki na dirisha lake la majivu na kalamu zake mbili. Nikisema hakuumia nitakuwa naongopa, na tumeshaona uongo unavyoandikwa. Aliumia. Kwa mwezi mzima alipita korido nyingine.

Lini ndiye aliyebadilika kuliko wote. Kila Alhamisi alivuka mtaro na viatu vyake, kimoja cheupe na kimoja chenye alama ya bluu, akaketi kwenye benchi akauliza. Treni ya mwisho ya mizigo ilipita lini? Mvua kubwa ile ya mafuriko ilianza lini? Na mama mkwe alimjibu tarehe, saa na dakika, na mzee wa watu akarudi kiwandani amenawiri.

Jumapili moja, bwawa likiwa limekamilika, Mhasibu na mkewe walifika. Mtaro ulikuwa na maji ya kawaida, yale yasiyo na jina la rangi. Maboga yalikuwa yameanza kuinua vichwa.

"Mkwe wangu," aliuliza mama mkwe, "haya maji vipi leo?"

"Sijui, Mama," alisema Mhasibu. "Tukayatazame."

Waliyatazama. Kijiti kilikuwa kikavu juu ya maji, hakuna povu hata la kucha. Wakiwa wanarudi, Mhasibu alikohoa, akauliza jambo lililomsumbua tangu siku ile.

"Mama, ile siku ya wakubwa. Naomba nione ulichoandika."

Mama mkwe alileta daftari la saba. Lilikuwa halijatoka stesheni, kwa hiyo hapakuwa na tabu. Alilifunua, akamgeuzia, akaweka kidole chini ya mstari.

"Saa tano na dakika ishirini. Bluu. Vidole vinne. Maoni: mkwe amesema ni yetu. Mvua haikunyesha."

Mhasibu aliusoma mstari ule mara mbili. Chini yake palikuwa na siku nyingi nyingine, saa na rangi na vidole, maisha yakiendelea. Mkewe alimwita kutoka kivulini, akamuuliza mbona amesimama na macho yamemlowa, kuna nini. Alisema hakuna. Akarudisha daftari kwa mikono miwili, akaenda kukaa kwenye kiti chake.